Kuweka matairi mapana nyuma ya gari la spoti: mwongozo kwa barabara za Lubumbashi

Anayetaka matairi mapana nyuma ya gari lake mara nyingi huanza kwa kununua matairi, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Kinachoamua ni nafasi iliyopo kati ya amortisa (shokabsorba) upande wa ndani na ukingo wa madigadi upande wa nje. Nafasi hiyo haikadiriwi kwa macho, wala haiazimwi kutoka kwenye picha za gari la mtu mwingine. Hupimwa kwa rula, gari kwa gari, maana magari mengi ya spoti yanayoingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa yameshapita mikononi mwa watu kadhaa: springi zimekatwa, magurudumu yamelazwa, madigadi yamenyooshwa na kupakwa mastiki. Mpangilio unaofaa ni huu: pima, kokotoa, chagua janti, halafu nunua tairi.

Hapa tutatumia Toyota 86 kama mfano, kwa sababu lilitoka kiwandani na saizi moja pande zote nne: tairi la 215/45R17 juu ya janti ya inchi 17 yenye upana wa 7J (inchi 7), ET48 (maana ya ET tutaieleza kwenye sehemu ya janti), matundu matano ya buloni kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 56.1. Kama gari lako ni jingine, hesabu ni zile zile. Badilisha namba tu.

Je, gari lako linahitaji?

Tairi pana nyuma husaidia gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pale nguvu ya injini inapouzidi mshiko: unakanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, magurudumu yanazunguka bure, gari halisongi. Hapo upana unalipa. Lakini ukipanua nyuma peke yake, mbele kunabaki kulivyokuwa. Nyuma inashika, mbele inateleza, na gari linakuwa gumu kuingia kona: unakata usukani, pua inaendelea kwenda moja kwa moja. Toyota 86 lenye injini ya kiwandani halina nguvu ya kuhitaji 245 nyuma. Kwa gari kama hilo ushauri wetu ni kununua matairi bora zaidi ya saizi ile ile, manne kwa pamoja, na utapata mshiko bila kuharibu usawa wake. Ukishaongeza turbo, basi endelea kusoma.

Kuna pia suala la maji. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma mbele yake, kwa hiyo huanza kuelea kwenye mwendo mdogo kuliko tairi jembamba lenye mifereji ya kina kile kile. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua ya mchana inapomwagika na mitaro ikashindwa kuyabeba maji, barabara za mjini hugeuka mito. Tairi la 245 lililobakiwa na mifereji ya milimita 2 halina kazi kwenye maji hayo. Kwa matairi mapana, badilisha yakifika milimita 3 au 4, na ufanye hivyo kabla mvua hazijaanza.

Hesabu ya kipenyo

Kwenye ubavu wa tairi, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya tatu ni kipenyo cha janti kwa inchi. Chukua upana, zidisha kwa asilimia, zidisha mara mbili, kisha ongeza inchi za janti mara 25.4. Kwa 215/45R17: 215 × 0.45 ni 96.75, mara mbili ni 193.5; ongeza 431.8, unapata milimita 625.3.

Sasa linganisha na saizi ambazo watu hupendekezana:

- 245/40R17: milimita 627.8, yaani zaidi kwa asilimia 0.4
- 235/40R17: milimita 619.8, pungufu kwa asilimia 0.9
- 255/40R17: milimita 635.8, zaidi kwa asilimia 1.7
- 235/45R17: milimita 643.3, zaidi kwa asilimia 2.9

Kama gari lilitoka kiwandani na kipenyo kimoja mbele na nyuma, usiruhusu tofauti izidi asilimia 1. Sababu yake ni ABS (mfumo unaozuia breki kufunga magurudumu) na mfumo wa kuzuia kuteleza. Kompyuta hulinganisha mizunguko ya magurudumu manne. Gurudumu kubwa huzunguka polepole kuliko dogo kwenye mwendo ule ule, na tofauti ikizidi, kompyuta inaamini gurudumu moja linateleza. Matokeo yake ni taa ya kuteleza kuwaka kwenye kona ya kawaida, au nguvu ya injini kukatwa bila sababu. Hata viwanda vinavyouza magari yenye nyuma pana hufuata hesabu hii. BMW ya E46 yenye janti za spoti za inchi 18 ilikuwa na 225/40R18 mbele na 255/35R18 nyuma. Piga hesabu utaona 637.2 na 635.7. Upana umetofautiana kwa milimita 30, kipenyo karibu hakuna tofauti.

Kwa mfano wetu, basi, 245/40R17 ndiyo iliyo karibu zaidi na ya kiwandani. Wengine watakushauri upande hadi inchi 18 na kuweka 245/35R18, ambayo kipenyo chake ni 628.7, karibu sawa kabisa. Kipenyo kinakubali, ubavu ndio unaoumia: unashuka kutoka milimita 98 hadi 86. Kwenye barabara ya Likasi, ambako malori ya madini yamechimba lami na mashimo hayaonekani usiku, milimita hizo 12 ndizo zinazotenganisha janti nzima na janti iliyopinda mdomo wa ndani. Baki kwenye 17.

Kupima nafasi

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Uwanja wa udongo mwekundu hautoshi, kwa sababu gari litaegemea upande mmoja na vipimo vya kushoto vitatofautiana na vya kulia kwa sababu isiyo ya gari. Unahitaji rula ya chuma, timazi, kriki, stendi mbili, biti za drili za milimita 5, 8, 10 na 12, na donge la udongo laini wa kuchezea watoto.

Anza nje. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ning'iniza timazi kutoka kwenye ukingo wa madigadi, juu kabisa ya katikati ya gurudumu. Pima kutoka kwenye uzi hadi pale ubavu wa tairi ulipotokeza zaidi. Kisha pitisha kidole ndani ya madigadi: bati limekunjwa kuelekea ndani, na ukunjo huo hula nafasi. Pima kina cha ukunjo na ukitoe kwenye kipimo cha kwanza. Watu wengi hupima hadi uso wa nje wa bati na kusahau ukunjo, kisha tairi jipya linakatwa begani wiki ya kwanza.

Ndani ni kazi ya subira zaidi. Inua gari, liweke juu ya stendi, toa gurudumu. Tazama kila kitu kinachoweza kuguswa: amortisa na springi, mkono wa juu na wa chini, waya wa ABS, kamba ya breki ya mkono, mpira wa mafuta ya breki, plastiki ya ndani ya madigadi. Bandika vidonge vya udongo laini kwenye sehemu zilizo karibu, unene wa kama milimita 25, rudisha gurudumu, zungusha polepole, litoe tena. Pale udongo ulipobanwa, pima unene uliobaki kwa biti za drili: biti inayopita bila kulazimishwa ndiyo nafasi uliyo nayo. Andika kwenye karatasi, upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake. Tofauti ya milimita 4 au 5 kati ya pande mbili ni jambo la kawaida, na upande wenye nafasi ndogo ndio unaoamua.

Gari lililosimama tupu halionyeshi ukweli wote. Rudisha magurudumu, lishushe gari, weka magunia nane ya unga ya kilo 25 kwenye buti na kiti cha nyuma, ulitikise mara kadhaa litulie, kisha pima tena upande wa nje. Uzito huo hauminyi springi hadi mwisho kama shimo linavyofanya, lakini unaonyesha tairi linapanda likielekea wapi. Mwenye muda na zana afanye vizuri zaidi: afungue springi, arudishe amortisa peke yake, kisha apandishe gurudumu kwa kriki hadi mpira wa kizuizi uguse. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha mwisho.

Janti: hapa ndipo kazi ilipo

ET ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati wa upana wa janti na uso unaokaa kwenye habu. ET kubwa huvuta gurudumu ndani, ET ndogo hulisukuma nje. Hesabu yake ni rahisi: ukiwa na nusu ya upana wa tairi, ongeza ET upate upande wa ndani, toa ET upate upande wa nje.

Tairi la zamani, 215 na ET48: ndani 155.5, nje 59.5. Tairi jipya la 245 kwenye janti ya ET45: ndani 167.5, nje 77.5. Kwa hiyo limesogea milimita 12 kuelekea amortisa na milimita 18 kuelekea madigadi. Ukiwa na ET48 ni 15 na 15. Ukiwa na ET35, ndani linaongezeka milimita 2 tu, lakini nje linatoka milimita 28, na hapo madigadi lazima yaguswe.

Weka namba hizi kando ya vipimo vyako. Baada ya tairi jipya kukaa, acha angalau milimita 5 dhidi ya vitu vinavyopanda na kushuka pamoja na gurudumu, kama amortisa. Milimita 10 dhidi ya bodi. Na milimita 8 dhidi ya ukunjo wa madigadi gari likiwa na mzigo. Ongeza na tahadhari ya milimita 3 au 4 kila upande, kwa sababu 245 ya kampuni moja haifanani kabisa na 245 ya nyingine: mabega ya baadhi ni ya duara, ya mengine ni ya mraba.

Upana wa janti nao una sheria. Tairi la 245/40R17 hukubali janti kuanzia 8J hadi 9.5J, na hupimwa kiwandani kwenye 8.5J. Kulifunga kwenye 7J ya zamani, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya ili mteja asinunue janti, ni kosa lenye hatari. Mbavu zinavimba kama puto, uso wa tairi unajikunja na kugusa lami katikati tu, na kwenye kona tairi linalala upande. Unakuwa umelipia 245 na kupata mshiko mbaya kuliko wa 215. Kwenye janti pana mno nako, kila nusu inchi unayoongeza hupanua tairi kwa karibu milimita 5, kwa hiyo hesabu yako ya nafasi inabadilika.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha mambo matatu zaidi. Kwanza, duara la buloni: 5×100 haiwi 5×114.3 kwa kulazimisha, na tofauti ndogo kama 5×112 dhidi ya 5×114.3 hudanganya, maana nati zinaingia lakini zinakaa mshazari na kukatika baadaye. Pili, tundu la katikati. Janti nyingi za soko zina tundu la milimita 73.1 ili zikae kwenye magari mengi. Kwa 86 unahitaji pete za 73.1 kwa 56.1. Bila pete, gurudumu hushikiliwa na nati peke yake, haliketi katikati barabara, na utasikia mtetemo hata baada ya ekilibraji (kusawazisha uzito wa gurudumu) mara tatu. Tatu, umbo la kiti cha nati: koni, duara au bapa. Nati ya koni kwenye kiti cha duara hugusa mstari mwembamba tu wa chuma, na itajilegeza.

Nati zenyewe zinastahili neno. Toyota nyingi za mjini hutumia M12×1.5, na kila gereji ina ndoo ya nati hizo. Toyota 86, ambalo limeundwa pamoja na Subaru, linatumia M12×1.25. Nati ya 1.5 itaingia mizunguko miwili kwa mkono kisha itagoma, na fundi mwenye haraka atachukua bunduki ya hewa na kuimalizia. Amekwisha kula meno ya buloni ya habu. Sheria ya kufuata: nati yoyote lazima iingie kwa vidole hadi igonge janti. Ikigoma kabla ya hapo, itoe.

Spesa (bamba linalowekwa kati ya habu na janti ili kusogeza gurudumu nje) tunazikubali kwa kusahihisha milimita 3 hadi 5, basi. Baada ya kuweka spesa, hesabu mizunguko ya nati: kwenye uzi wa 1.25 inapaswa kuingia angalau mizunguko 10 kamili, kwenye 1.5 angalau 8. Pungufu ya hapo, badilisha buloni za habu ziwe ndefu au uache. Spesa nene ambayo pia inafunika kile kibega cha habu kinachoshika janti katikati ni lazima iwe na kibega chake yenyewe.

Kuchagua tairi

Matairi ya okazyo, yaani yaliyokwishatumika, yamejaa mjini, na si yote mabaya. Tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho ndani ya duara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la spoti lililopita miaka sita limekuwa gumu hata kama mifereji ni mipya kabisa; bonyeza kwa ukucha, lisiporudi laini liache. Pindua ulitazame ndani kwa tochi: mstari mweusi wa unga wa mpira unaozunguka ubavu unaonyesha liliwahi kuendeshwa bila upepo, na ubavu wake umeshavunjika. Kiraka katikati ya uso kinavumilika. Kiraka begani au ubavuni, hapana.

Angalia pia uzito na mwendo. 215/45R17 ya kawaida huandikwa 87W: 87 ni kilo 545 kwa tairi, W ni kilomita 270 kwa saa. 245/40R17 kwa kawaida ni 91, yaani kilo 615. Usishuke chini ya namba ya kiwandani. Nunua mawili ya aina moja na umri unaokaribiana; gari lenye difa ya kujifunga halipendi matairi mawili ya nyuma yenye kimo tofauti.

Kufunga

Kwado wa kandokando ya barabara ni fundi wa kweli wa pancha, lakini tairi lenye ubavu wa milimita 98 juu ya janti ya alumini linataka mashine yenye mkono wa plastiki. Vyuma viwili na nyundo vitakata mdomo wa tairi au kuchubua janti. Sisitiza mambo haya:

1. Valvu mpya kila mara. Bei yake ni ndogo kuliko tairi moja lililokufa njiani.
2. Mdomo wa tairi upakwe sabuni nzito ya kufungia matairi. Mafuta ya injini hula mpira na huacha tairi likizunguka juu ya janti.
3. Tazama neno la upande wa nje au mshale wa mzunguko kabla ya kujaza upepo.
4. Toa moyo wa valvu ili upepo uingie kwa kasi, na mdomo ukae kwa kishindo. Usizidishe bar 2.75 wakati wa kukalisha mdomo. Likigoma, toa upepo, paka sabuni tena. Anayependekeza petroli na kiberiti, ondoka na gari lako.
5. Usikubali tyubu ndani ya tairi la namna hii. Inajikunja, inapata joto na kupasuka.
6. Ekilibraji ifanywe na uzito wa kubandika ndani ya janti, baada ya kusafisha pahali pake kwa spiriti.

Kabla ya kurudisha gurudumu, piga habu brashi ya waya hadi chuma king'ae. Punje moja ya kutu kati ya habu na janti inatosha kulegeza nati baada ya kilomita hamsini. Ingiza nati zote kwa vidole, kaza kwa mpangilio wa nyota hadi nyutoni-mita 60, shusha gari, malizia kwa kle ya kupimia (spana inayoonyesha nguvu ya kukaza) hadi 120 kwa Toyota 86. Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 100. Usiruke hatua hii, hasa janti zikiwa mpya.

Ukunjo wa madigadi

Ikiwa hesabu inaonyesha kwamba ukunjo ndio unaozuia, unaweza kulazwa juu ili kupata milimita 8 hadi 12. Fundi mzuri hufunga chombo chenye gurudumu la plastiki kwenye habu, hupasha rangi joto kwa bunduki ya hewa moto hadi mkono ukishindwa kukaa, kisha hulaza bati kidogo kidogo, kuanzia juu katikati na kwenda pande zote mbili, akirudia mara nyingi kwa kubana kidogo. Rangi baridi hupasuka. Anayeanza bila kupasha joto mzuie.

Jambo ambalo huachwa nusu ni kinachofuata. Nyuma, madigadi ni mabati mawili yaliyoungwa kwa nukta za moto, na kati yake kuna mastiki ya kuzuia maji. Ukilaza, mastiki inapasuka. Usipoziba upya kwa mastiki ya poliuretani na rangi ya kuzuia kutu, mvua ya msimu mmoja inaingia katikati, na kutu inaanza kutokea ndani kwenda nje. Ukiona kipovu kwenye rangi, ndani pameshakwisha.

Njia nyingine ni kulaza gurudumu, juu likiingia ndani. Kila digrii moja huvuta ncha ya juu ya tairi hili kwa karibu milimita 5.5. Toyota 86 nyuma halina marekebisho ya mlalo kutoka kiwandani, kwa hiyo unahitaji mikono ya chini inayorefushwa. Digrii 1.5 hadi 2 inatosha. Kuzidisha ili tairi lienee ni kulipa upana kisha kuutupa: tairi litatembelea bega la ndani tu.

Paralelizimu, upepo na majaribio

Nenda kwenye mashine ya paralelizimu (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) siku hiyo hiyo, kwa sababu tairi pana huonyesha kosa dogo haraka: bega la ndani likiliwa kwa kilomita elfu chache, mara nyingi ni magurudumu kutazamana vibaya kuliko mlalo. Nyuma yaelekee ndani kidogo sana, pande zote sawa.

Upepo uanze na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mlangoni, halafu ubadilishe kwa bar 0.1 ukitazama jinsi uso unavyoliwa: katikati ukiisha kwanza, punguza; mabega yakiisha kwanza, ongeza. Pima tairi likiwa baridi. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi ni baridi kweli, na mchana jua linawaka. Kila digrii 10 hubadilisha karibu bar 0.1, kwa hiyo aliyejaza saa nane mchana ataamka na matairi laini. Na kwenye barabara yenye mashimo usipunguze upepo ili gari liwe raha. Tairi laini ndilo linalobanwa kati ya shimo na janti.

Kwa jaribio la kwanza, chora mistari ya chaki mabegani mwa matairi, ndani na nje, beba watu wawili nyuma, pita polepole kwenye matuta na kona kali. Rudi utazame. Chaki iliyofutika nje ni ukunjo wa madigadi. Ndani, kwa mduara kamili uliolainika, ni amortisa au mkono. Alama za vipande mbele ya gurudumu ni plastiki ya ndani au buloni inayoishikilia, na mara nyingi hiyo hukatwa kwa kisu na kazi ikaisha.

Dalili nyingine zitakuja baadaye. Mtetemo wa kilomita 80 hadi 110 kwa saa ambao haukuwepo jana, baada ya kupita kwenye tope: usikimbilie mashine. Chuchumaa utazame ndani ya janti. Udongo mwekundu hujaa kwenye pipa la janti pana, hukauka upande mmoja kama tofali, na donge la gramu mia linatosha kutikisa gari zima. Ukikwangua na kuosha, mtetemo unaondoka. Gari likivutwa huku na huku kwenye njia zilizochimbwa na malori, hiyo ni tabia ya tairi pana. Shika usukani, punguza mwendo, hakuna cha kurekebisha zaidi ya paralelizimu. Harufu ya mpira baada ya kubeba abiria ni kugusa, hata kama husikii kitu.

Kubadilishana matairi ya mbele na nyuma hakutawezekana tena, kwa hiyo ya nyuma yataisha mapema. Panga bajeti ya jozi. Na usiuze janti zote nne za zamani. Weka moja yenye 215/45R17 na nati zake ndani ya buti: kwa kuwa vipenyo vinatofautiana kwa asilimia 0.4 tu, itakaa mbele au nyuma hadi ufike kwa fundi, mradi uende polepole. Safari ya Kolwezi usiku si mahali pa kugundua kwamba gurudumu la akiba haliingii nyuma.